Nani Kashika Mzani? Mhadhara juu ya Mwanza, ziwa lake na vyuo vyake

 

Naomba nianze na mzani. Babu yangu alilima pamba upande wa Magu, na jambo alilolisimulia mpaka anaingia kaburini lilikuwa mzani wa kituo cha kununulia pamba. Ulining'inia kwenye boriti la kibanda, ndoano chini, uso wa duara juu kama uso wa saa, na mshale katikati. Mkulima alisimama upande wa ndoano. Karani alisimama upande wa mshale. Babu hakujua kusoma, lakini gunia alikuwa amelibeba kichwani tangu nyumbani, na uzito wake aliujua kwa shingo. Alipotajiwa ratili akaona karani na shingo yake hawasemi jambo moja. Akauliza. Akajibiwa kwamba kama hataki achukue pamba yake arudi nayo. Alirudi mara moja tu. Mara ya pili njaa ilikuwa nyumbani, akapokea alichopewa.

Mada niliyokabidhiwa ni historia ya jiji letu na sura yake kama jiji la vyuo vikuu. Nimeona niipitishe kwenye mzani ule. Kila nikigeuza habari za Mwanza nakuta watu wanaopima na watu wanaopimiwa, na nakuta ugomvi wa nani asimame upande wa mshale. Chuo kikuu ni nyumba ya kupima, na sisi tunaokaa humo lazima tuulizwe swali alilouliza babu.

Mzungu wa kwanza aliyetuachia maandishi ya kufika hapa, John Hanning Speke, alikuja kupima. Ilikuwa tarehe 3 Agosti 1858. Alikuwa ametoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akamwacha mwenzake Richard Burton akiugua. Kiongozi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akafikishwa India, kisha akarudi pwani ya kwetu akiwa mtu huru. Speke aliongea na Bombay Kihindustani, Bombay akageuza Kiswahili, na Kiswahili kikageuzwa tena mpaka kikamfikia mwenyeji. Kwa mlolongo huo waliongea na mtemi Mahaya na mfanyabiashara Mwarabu Mansur bin Salim, ambao ziwa hili walilijua kabla yake. Alipouliza urefu wake kuelekea kaskazini aliambiwa kwamba labda linafika mwisho wa dunia.

Speke alichemsha maji akatazama kipimajoto, maana maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu, na kwa hesabu hiyo akapata futi 3,700 na ushei kutoka usawa wa bahari. Alipatia: leo tunasema mita 1,134, na ukizigeuza kuwa futi hazipishani sana na zake. Alikaa siku tatu, akalipa ziwa jina la malkia wake, akaondoka. Nampa heshima kwa kipimajoto chake. Lakini ziwa lilikuwa na jina. Nyanza, kwa Wasukuma na majirani wengi wa mwambao, ndiyo maji makubwa yenyewe, na Mwanza ni neno hilohilo lililopinda midomoni mwa wageni. Tazameni basi: kipimo kilikuwa sahihi, jina likawa la mpimaji, na waliomwonesha njia wakabaki pembeni ya ukurasa.

Wajerumani waliweka boma hapa mwaka 1892. Waingereza wakauchukua mji Julai 1916, katikati ya vita. Kwa muda mrefu mizigo yetu ilipita majini hadi Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilifika mwaka 1901. Reli yetu wenyewe kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na hapo ndipo Mwanza ikapata mdomo wa kuelekea Dar es Salaam. Sitakaa sana katika miaka hiyo. Wako waandishi walioichambua vizuri, na mji wa boma, reli na gati unafanana na miji mingine mingi ya ukoloni. Kinachoitenga Mwanza na miji hiyo kilianza na pamba.

Kufikia miaka ya 1940 Usukuma ulikuwa shamba kubwa la pamba, na pamba hiyo ilinunuliwa na wenye viwanda vya kuichambua na mawakala wao, wengi wao wakiwa wa asili ya Asia. Malalamiko ya mzani yalisikika kila kituo. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakafanya jambo ambalo mimi naliona ni utafiti wa kwanza wa wananchi wa kanda hii: waliweka wapimaji wao wenyewe. Kijana anayejua kusoma mshale alikaa karibu na kituo, akapima gunia kabla halijafika kwa mnunuzi, akaandika. Mkulima akaingia kibandani na namba yake mkononi. Hapakuwa na fimbo wala kelele, ilikuwa namba dhidi ya namba, na namba ya wakulima ilikuwa na daftari.

Aliyewaunganisha watu hao ni Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, aliyepitia kazi za ukarani na chama cha wafanyabiashara Waafrika hapahapa mjini. Mwaka 1955 vyama vya msingi vikakusanywa kuwa umoja mmoja, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao wazee wetu waliutaja kwa herufi tu, VFCU. Mwisho wa miaka ya 1950 ulikuwa unanunua pamba yote ya Kanda ya Ziwa, kisha ukamiliki na viwanda vya kuchambulia. Kumbukeni pia kwamba TANU, chama cha kupigania uhuru, ilizuiwa kufanya kazi Usukumani tangu 1954 hadi 1958. Katika miaka hiyo minne, palipokuwa na mzani wa ushirika ndipo watu walipojifunza kukutana, kuchagua viongozi, kusoma mahesabu na kumwondoa mweka hazina asiyeeleweka. Bomani mwenyewe akaja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru.

Najua na mwisho wake. Umoja ule ulivimba, makarani wapya wakajifunza hila za makarani wa zamani, wakulima wakaanza kulalamikia mzani wao wenyewe. Serikali ikauvunja na mahali pake ukaja Nyanza Co-operative Union, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, kabla ya kurudishwa miaka ya 1980. Linaniuma kila nikilisema. Mshale haujali rangi ya karani.

Chuo cha Nyegezi kilizaliwa katika joto hilohilo la ushirika. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la White Fathers, alianzisha pale kituo cha mafunzo ya jamii. Baadaye wanafunzi wakafundishwa hapo uhasibu, wakafundishwa uandishi wa habari, na kwa miaka mingi chumba cha habari nchini kilichokosa mtu wa Nyegezi kilikuwa nadra. Nawaomba mlione jambo hili kwa ukaribu: mji uliokuwa umetoka kupigania mzani ulipata chuo cha watu wa kuweka hesabu na watu wa kuandika yaliyotokea. Mwaka 1998 kituo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na madarasa yake yapo Malimbe, kando ya maji.

Kilima cha Bugando nacho kina historia yake. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za maaskofu Wakatoliki, ikachukuliwa na serikali mwaka uliofuata, ikarudishwa chini ya uendeshaji wa maaskofu mwaka 1985. Mwaka 2003 ikaanza kufundisha madaktari. Kabla ya hapo kijana wa Sengerema mwenye ndoto ya udaktari alifunga sanduku akaenda Dar es Salaam au Moshi, na wengi hawakurudi kufanya kazi huku. Sasa anasomea mahali ambapo mama yake ataletwa akiugua. Ongezeni chuo cha ualimu cha Butimba, chuo cha uvuvi cha Nyegezi, na matawi ya vyuo vya mbali yaliyofungua milango mjini. Ukishuka jioni kituo cha Nyegezi utaona mji ulivyobadilika: vijana wenye mabegi mgongoni, mama lishe anayejua tarehe ya mkopo wa bodi kuliko wanafunzi wenyewe, mwenye nyumba anayegawa vyumba viwili kuwa vinne.

Sasa niingie ziwani, maana hapa pana utafiti ambao kila mwanafunzi wa Mwanza angepaswa kuujua kama anavyojua jina la mtaa wake.

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza. Walikuja kutazama furu. Nani hajala furu utotoni? Visamaki vya miiba, vya bei ndogo, wavuvi wakivitupa kwenye fungu moja. Watafiti walilifungua fungu lile, wakitumia macho ya wavuvi wenyeji waliowaajiri, wakakuta humo aina zaidi ya mia katika ghuba hii peke yake. Mmoja ana meno ya kuvunja konokono. Mwingine anakwangua mwani kwenye mawe. Yupo anayeng'oa magamba ya wenzake akala, na yupo anayenyonya mayai na makinda kutoka kinywani mwa mama, kwa kuwa furu jike hubeba watoto wake mdomoni. Ziwa zima lilikuwa na aina kama 500, na nyingi hazikuwapo kokote kwingine duniani.

Wakiwa wanahesabu, sangara akafika. Alikuwa ametiwa ziwani upande wa kaskazini katika miaka ya 1950 na 1960, akakawia, kisha miaka ya 1980 akajaa katika ghuba yetu. Nyavu za watafiti ambazo mwanzoni zilileta furu mamia kwa mamia, miaka michache baadaye zilileta sangara na dagaa, furu wachache mno. Walijikuta wanaandika daftari la msiba. Aina nyingi zikatoweka kabla hazijapewa hata jina la kisayansi. Baadhi, hasa wale wanaokula vidudu vya majini, walianza kurudi miaka ya 1990, na waliorudi hawakuwa sawasawa na walioondoka.

Nayasimulia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tunajua tulichopoteza kwa kuwa kuna mtu aliyehesabu kabla ya kupotea, na shukrani kwake ni ya haki. Ya pili inanikera. Sehemu kubwa ya daftari hilo imehifadhiwa Uholanzi, imeandikwa kwa Kiingereza na Kiholanzi. Mvuvi wa Igombe aliyeona kwa macho yake furu wakiisha hajawahi kusomewa. Aliyaona mapato ya sangara, aliona viwanda vya minofu vikijengwa miaka ya 1990, aliona soko la Ulaya likifungwa na kufunguliwa, aliona mapanki yakipandishwa kwenye malori na watu wa kwetu wakila mifupa ya samaki ambaye minofu yake imepanda ndege. Lakini mshale hakuoneshwa.

Upo mfano ulio bora zaidi, na naupenda. Kati ya 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa huu wa Mwanza, watafiti wa hapa na wenzao wa London walijaribu jambo dogo. Jamii 12 zilipangwa mbili mbili. Katika sita, wauguzi na waganga wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kutazama dalili, bila maabara, na dawa zikahakikishwa hazikatiki. Katika sita nyingine huduma iliendelea kama kawaida mpaka utafiti uishe, ndipo nazo zikapewa. Waliandikisha watu wazima zaidi ya 12,000 wa kufuatiliwa kwa miaka miwili. Upande wa kawaida, katika kila watu 1,000 takriban 19 walipata maambukizi mapya ya VVU. Upande wa mpango, 12. Mwaka 1995 matokeo yalichapishwa na jina la Mwanza likasomwa na madaktari wa dunia nzima.

Wanafunzi wa tiba watanikumbusha kwamba utafiti wa Rakai, Uganda, uliogawa dawa kwa watu wote kwa mpigo, haukupata punguzo hilo, na ubishi wa sababu zake umeendelea. Vizuri. Ubishi wa namna hiyo ni afya. Mimi ninachokishika ni kwamba kipimo kile kilitoka kwenye zahanati yenye benchi la mbao na muuguzi mmoja, kikarudi kwenye zahanati hiyohiyo kikiwa na dawa ndani yake. Aliyepimwa alipata kitu mkononi.

Ndugu zangu, nimefika mahali ambapo sauti yangu huwa inagoma, mtanivumilia.

Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa. Ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, imejaa watu, ndizi na mizigo. Miili mingi ilizikwa Igoma, na makaburi yale wengi wenu mmeyaona. Nimeyatembelea mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kinachonirudisha ni jambo moja la makaratasi: orodha ya abiria ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa hiyo tunazungumza juu ya watu mia nane, mia tisa, wengine wanasema elfu, na hakuna atakayejua. Mama aliyepanda na watoto na mkungu wa ndizi wa kumpelekea dada yake Mwanza hakuandikwa alipopanda, na aliposhuka chini ya maji hapakuwa na mstari wa kumfuta.

Mngedhani tulijifunza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Kupima mzigo wa kivuko hakuhitaji shahada ya uzamivu. Kunahitaji mtu wa kuhesabu vichwa mlangoni, na nguvu ya kusema sasa basi. Lakini nauliza chuo kikuu, nauliza nikiwa mmoja wenu: katika miaka 22 iliyotenganisha misiba hiyo miwili, ni tasnifu ngapi zetu zilikaa gatini zikahesabu? Tuna idara za sosholojia, za uhasibu, za sheria, za habari. Mwandishi wa habari aliyefundishwa kando ya ziwa hili angeweza kusimama na kalamu mlangoni pa kivuko kila siku ya gulio. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na foleni ya kivuko tuliyoizoea pale imekwisha. Nililivuka wiki ileile, nikashukuru. Ila Ukara, Ukerewe, Kome na Maisome bado wanapanda vyombo.

Jiji lenyewe linahitaji kupimwa upya. Mwaka 1967 mji huu ulikuwa na watu kama 35,000. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni moja na laki moja katika Nyamagana na Ilemela. Wamekwenda wapi? Wamepanda. Tazameni Igogo, Bugarika, Mabatini, Isamilo ya juu: nyumba zimeshikana na mawe, ukuta wa nyuma wa chumba ni jiwe lenyewe, ngazi zimechongwa kwa mikono. Wageni hupiga picha. Mimi nilipanda Mabatini nikiwa na mwanafunzi wangu mmoja aliyekaa huko na mama yake. Tulihesabu ngazi 214 kutoka barabarani hadi mlangoni kwao. Mama yake alikuwa amepanda na ndoo ya lita 20, na kutoka kwenye kizingiti chake ziwa lote lilionekana, la bluu, limetulia, limejaa maji. Nilimwona akiweka ndoo chini bila kumwaga tone. Kijana akafungua daftari akaandika: ngazi 214, kilo 20, mara tatu kwa siku. Tasnifu yake ilianzia kwenye mstari huo, naye ameisoma kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa mtaa wao.

Hiyo ndiyo kazi ninayoiomba. Anayepima Mwanza asome alichokipata mbele ya Mwanza, kwa lugha ya Mwanza, kabla hajakisoma kwingine. Furu wakihesabiwa, namba ziende mwaloni. Dawa ikijaribiwa, majibu yaende zahanati. Na sisi walimu tunapompa mwanafunzi alama, tujue kwamba naye ana haki ya kuuona mshale.

Jumamosi hii nitakuwa Mwaloni Kirumba saa kumi na moja alfajiri, mwezi ukiwa giza na boti za karabai zikirudi na dagaa. Dagaa huuzwa kwa sado, kile kikopo cha rangi cha lita nne ambacho wafanyabiashara wamekigeuza kipimo, na mnajua kuna sado zilizobonyezwa kitako kwa moto ili zimeze kidogo. Mama mmoja muuzaji, aliyekaa pale miaka 30, amekubali tuje na mzani wetu, tupime sado yake na sado za wanaonunua kwake kwa jumla, na majibu tuyaandike ubaoni pale pale. Ameweka sharti moja: mshale umwelekee yeye. Nafasi kwenye daladala zipo 28. Atakayekuja aje na viatu vya kulowa.